Mwaka Tulioubandua Ukuta wa Kaskazini

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi Haonga alipiga nyundo kwenye udongo wa ukuta wa kaskazini wa kanisa la zamani, na kipande chenye ukubwa wa sinia kikadondoka miguuni pangu bila kuvunjika. Nilikiinua nikitupe kwenye toroli kama nilivyoagizwa. Ubavuni, pale kilipokatika, niliona mistari: mwekundu, wa kahawia, mweupe, mwekundu tena, myembamba kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa kikakauka. Nikasimama nacho. Fundi akasema, "Kijana, hilo si andazi. Tupa." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, saidia fundi, na mambo yote ya mwaka ule yalianzia hapo, ingawa kwa wengine waliokuwepo ilikuwa Jumatatu ya kazi tu.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Nzunda, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa mwaka ule na miaka mingi iliyofuata. Ibada ilifanyika kwenye kanisa jipya. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha nikajaribu kukisia ukuta wa zamani ulipita wapi, sikuweza, maana kanisa jipya ni pana zaidi na limegeuzwa litazame barabara. Mjukuu wake mmoja, mwalimu wa sekondari Vwawa, aliniuliza kama ni kweli bibi yake aliwahi kulijenga kanisa kwa mikono yake. Nilimjibu kwamba ni kweli, na kwamba alilipenda kiasi cha kulinunulia kitu kilicholiangusha. Msibani hapakuwa mahali pa kueleza, kwa hiyo naeleza hapa.

Siku hizo Mkoa wa Songwe haukuwepo, tulihesabiwa Mbeya. Kanisa lilikaa mgongoni mwa kilima upande wa Igamba, kahawa upande mmoja, mahindi upande wa pili. Kila uliyemuuliza alikuambia limejengwa na wazungu wa misheni kwa tofali za kuchoma. Haikuwa kweli. Ndani ya ule udongo uliosilibwa mlikuwa na matofali mabichi, yaliyokaushwa juani tu, yakiwa yamekaa juu ya msingi wa mawe unaofika magotini. Misheni ilileta ramani na madirisha. Kilichobaki kilichimbwa kwenye mabonde yetu. Tofali bichi halistahimili mvua likiwa uchi, kwa hiyo kila mwaka baada ya mavuno wanawake wa vijiji vitatu walikuja kulivika kanisa udongo mpya. Ukuta wa kaskazini, ambao mvua iliupiga kuliko kuta nyingine, uligawanywa mafungu matatu. Wanawake wa Iyula walikuja na udongo mwekundu, wa hapo kilimani walikuwa na wa kahawia, na wa bondeni walichimba udongo mweupe kandokando ya kijito. Kila mwaka walibadilishana mafungu, ili pasiwe na kijiji kinacholalamika kwamba siku zote kinaachiwa kona yenye maji. Ndiyo maana kipande kile kilikuwa na mistari. Kila mstari ulikuwa mwaka mmoja, na kila rangi ilikuwa kijiji.

Sikulijua hilo Jumatatu ile. Nililijua kidogo kidogo, kwa kutazama. Kazi tuliyopewa ilikuwa kuubandua udongo wote mpaka tofali lionekane, kwa sababu washarika walikuwa wameahidi wakati wa Pasaka kwamba safari hii kanisa litapigwa lipu ya saruji, na saruji haishiki juu ya udongo laini. Mwezi wa kumi kulikuwa na sherehe kubwa ya kumbukumbu ya kanisa, na kila kitu kilihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Nilibandua kwa mkono polepole kuliko alivyotaka fundi. Nikaona kwamba mpango wa rangi haukukatika isipokuwa mahali pamoja, ambapo mwekundu ulipaswa kuwepo na badala yake kulikuwa na kahawia mbili mfululizo. Niliwauliza wazee nikaambiwa kwa kusitasita kwamba mwaka fulani watu wa Iyula hawakuja, kwa sababu mzee wao wa kanisa alitengwa kwa kuoa mke wa pili. Chini zaidi kulikuwa na mstari mweusi wa masizi: hapo paa la nyasi liliungua, na juu yake ndipo enzi ya bati ilipoanza. Nikiwa kwenye fungu la kati nikakuta matofali yaliyopangwa kwa namna nyingine, yamesimama wima kwa wima kama yametiwa ndani ya fremu. Ulikuwa mlango uliozibwa.

Siku tulipoukuta, Mama Nzunda alikuja kututazama akiwa na jembe begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa viganja, asiyependa kukaa. Aliugusa mlango ule akasema, "Huu ulikuwa wetu." Fundi akamuuliza wetu akina nani. "Wanawake. Wanaume waliingilia mbele. Mama yangu alinibeba akapitia hapa." Fundi akacheka. "Kwa hiyo nyie ndio mliokuwa mnaingia mbinguni kwa mlango wa uani." Mama Nzunda hakucheka. "Na tukakaa karibu na jiko kama kawaida," akasema, akaenda zake shambani.

Mwaka ule nililala kwenye stoo iliyoungana na jiko la nyumba ya mwinjilisti. Kilikuwa chumba cha dirisha moja, chenye kengele ya zamani iliyopasuka, benchi la miguu mitatu, na magunia ya mahindi ya mavuno ya kanisa. Chini ya kitanda nilipanga vipande vya ukuta, kila kimoja nikikiwekea alama ya mkaa kuonyesha kimetoka fungu gani na kimo gani. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu. Kahawa tuliilima sisi, ila sikumbuki kuiona imechemshwa kwenye nyumba ile. Mchana ni ugali na maharage, au majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Ukuta uliotenganisha stoo na jiko haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: wanawake wakichambua mboga, mwinjilisti akiomba chumvi, kikao cha wazee kilipohamia jikoni kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba. Mke wa mwinjilisti, Mama Upendo, alikuwa mjamzito. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuona vipande vyangu vina kingo mpya, kama vimeng'atwa na panya, ila panya huyo alichagua mstari mweupe peke yake. Siku moja nikamsikia akimwambia jirani yake jikoni, "Huu wa kanisa una harufu nzuri kuliko ule wanaouza Tunduma. Ni wa zamani, umetulia." Jirani akamuuliza, "Kijana akijua?" Mama Upendo akajibu, "Atajua nini, si udongo tu." Kwa wanawake wajawazito wa kwetu udongo ni hamu isiyozuilika, na sikuona namna ya kumwambia kwamba alikuwa anakula miaka ya watu wa bondeni. Vilivyobaki vilivunjika vyenyewe kabla mvua hazijaanza.

Jambo lenyewe nililigundua mwishoni mwa mwezi wa saba, na sikuwa nikilitafuta. Pembe ya ofisi ya mchungaji, mita mbili hivi za ukuta, ilikuwa imezibwa kwa saruji miaka michache kabla, baada ya lori kuigonga likigeuza. Nilikuwa na spoki ya baiskeli niliyotumia kutenganisha tabaka. Nilipoichoma kwenye tofali tulilokuwa tumelibandua udongo, ilisimama; tofali lilikuwa gumu na kavu. Nilipoichoma kwenye ufa wa ile saruji ya pembe, ilizama yote mpaka kwenye vidole vyangu, kama kwenye ugali ambao haujaiva, na ilipotoka ilikuwa na tope. Na tulikuwa katikati ya kiangazi. Leo naweza kueleza kwa nini. Nimesoma vitabu vingi vya watu wengine kuhusu nyumba za udongo. Maji hupanda kutoka ardhini na huingia na mvua, na udongo huyaachia yatoke jua likiwaka. Saruji haiyaachii. Yanakaa nyuma yake mpaka tofali lirudi kuwa tope. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na spoki.

Nilimwonyesha fundi Haonga. Hakunidharau. Aliichoma mwenyewe mara kadhaa, akainusa, akakaa juu ya ndoo. "Maji yameingilia pembeni mwa kiraka," akasema. "Kiraka ndivyo kilivyo. Tukipiga ukuta wote, maji yatapita wapi?" Nikasema labda yanatoka chini. "Chini kuna mawe." Nikasema mawe yana udongo katikati yake. Akainuka kwenye ndoo. "Huenda uko sahihi, na huenda mimi niko sahihi. Lakini mimi nimeitwa nipige lipu." Nikaenda kwa Baba Mchungaji, mtu mpole aliyekuwa na makanisa madogo mengi ya kuzungukia kwa pikipiki. Alinisikiliza akiwa amevaa kofia tayari kuondoka. "Michango imeshatangazwa," akasema. "Watu wameuza kahawa. Na ukuta mmeshauvua nguo, kijana wangu. Nikiwaambia akina mama warudi na ndoo za udongo, mwezi huu, wakati wanajua simenti inakuja, atakuja nani?" Niliporudi kwenye ukuta niliona kwamba ni kweli. Ulisimama uchi wa kahawia kwenye upepo, na hapakuwa tena na upande wa kurudi.

Mwezi wa nane nilitumwa Tunduma pamoja na Mama Nzunda kununua saruji, yeye kwa kuchagua, mimi kwa kupakia. Duka lilikuwa la Mzee Athumani, mfanyabiashara aliyetokea Kigoma, karibu na mpaka, mahali ambapo foleni ya malori ilikuwa imesimama hivi kwamba madereva walikuwa wameanika nguo kwenye vioo vya pembeni. Mzee Athumani alikuwa anamalizana na mwanamke wa Zambia, akimwita mukwai, neno la heshima la Kibemba, kila baada ya neno moja, kisha akageukia kwetu kwa Kiswahili cha upole. "Ya msikiti au ya kanisa?"

"Ya kanisa," alisema Mama Nzunda. "Utatupunguzia kidogo au utatupunguzia sana?"

"Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu. Nitapunguza kidogo, ili na mimi nibaki na ya kwangu." Akagonga mfuko kwa kiganja. "Mama, ukipiga hii, wajukuu zako hawatashika udongo tena."

"Ndicho ninachokitaka."

Tulikula wali na maharage kwenye kibanda nyuma ya duka tukisubiri lori. Nilijua sitapata nafasi nyingine. Nikamweleza habari za ile pembe, za spoki, za tofali kavu na tofali bovu. Nilimwambia kwamba udongo wao ndio uliolifanya kanisa lisimame miaka yote ile, na kwamba ningeweza kumwonyesha ukutani mwaka kwa mwaka jinsi walivyolilinda. Nilidhani hilo litamfurahisha. Alikula mpaka akamaliza, akanawa. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umeupima ukuta. Mgongo wangu umeupima?" Akafuta mikono kwenye khanga. "Ule mstari mweupe unaoupenda, mimi nimeubeba kichwani kutoka kijitoni, mwaka niliokuwa na Tabu mgongoni na mwingine tumboni. Tunakanyaga tope tangu alfajiri, tunapaka mpaka mikono inachanika, halafu tunakwenda nyumbani kupika. Mvua ikija inafuta, mwakani tunaanza. Wanaume wanasema kanisa limependeza. Nina wasichana wanaonitazama kama na wao watafanya hivyo mpaka wafe. Sitaki." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Nilikuwa na jibu kuhusu maji. Kuhusu mgongo sikuwa nalo, na mpaka leo sijalipata.

Jumapili iliyofuata mifuko iliingizwa kanisani. Wanawake wa vijiji vitatu waliibeba kichwani kwa wimbo, kijiji kwa kijiji, kama walivyokuwa wakibeba ndoo, wakaipanga mbele ya madhabahu. Baba Mchungaji aliweka mkono juu ya mfuko wa kwanza akaomba kwamba Bwana azipokee saruji hizi kwa ajili ya kuta za nyumba yake. Kila mtu akasema amina, na mimi nikasema. Kwetu kitu kilichotajwa kazi yake mbele ya madhabahu hakifanyi kazi nyingine. Mbuzi aliyetolewa kwa ajili ya yatima haliwi na kwaya hata kama kwaya ina njaa. Ni utaratibu mzuri, na umezuia wizi mwingi.

Tulianza kupiga lipu kwenye fungu la mwisho. Siku ya tatu asubuhi fundi Haonga alikuja stoo kabla ya chai. "Lete ile spoki yako," akasema. Lipu mpya ilikuwa imekauka juu, lakini chini, kimo cha goti, ilikuwa na bendera nyeupe za chumvi na ilitoa jasho. Mwinjilisti alikuwa amepita akatania kwamba sasa hatutanunua tena chumvi ya Ivuna. Fundi hakutania. Alitoboa, akatazama tope kwenye ncha, akafuta kwenye suruali. Alikuwa ameshaona alichohitaji kuona. Jioni ile wazee walikaa jikoni, nami nikawasikia kupitia juu ya ukuta. Fundi aliomba mambo mawili: sehemu ya mifuko iliyobaki itumike kutengeneza mtaro kuzunguka kanisa ili maji yasisimame kwenye msingi, na mingine iuzwe yanunuliwe mabati ya gata, kwani paa lilikuwa linamwaga maji yake yote mguuni mwa ukuta.

"Tulisema kuta," alisema Mzee Mgala, mtunza hazina.

"Mtaro ni wa kuulinda ukuta, mzee."

"Mtaro ni wa maji. Kuta ni kuta."

Kukawa na sauti ya kijiko ndani ya kikombe. Fundi akasema, "Basi tusimame hapo hapo tulipofika. Mifuko iliyobaki ikae."

"Ikae wapi, igande? Watu waone simenti ya madhabahuni imeganda stoo?" akauliza Mzee Mgala. Kisha Baba Mchungaji, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Ndugu zangu, tukibadilisha tulichokisema mbele ya madhabahu, mwakani nani ataleta mfuko?" Hawakuwa wajinga. Kila mmoja pale jikoni alikuwa anailinda haki fulani, na fundi ndiye pekee aliyekuwa na ukuta kichwani. Kesho yake aliniambia, "Changanya." Tukamaliza mafungu yote matatu, na kwa kuwa saruji ilibaki na haikuwa na pengine pa kwenda, tukapiga mkono wa pili juu ya wa kwanza. Ukuta ukawa na ganda nene na laini ambalo fundi mwenyewe alilipapasa kwa kiganja, nadhani kwa kujivunia, kwani kazi ilikuwa safi.

Sherehe ya mwezi wa kumi ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye kilima kile. Wageni walitoka mpaka Mlowo. Wanawake walikuwa wameshona vitenge vya sare, na baada ya ibada, kwa mara ya kwanza, walisimama wakauegemea ukuta wa nje wakiongea, bila mmoja kugeuka kukung'uta udongo mgongoni. Mama Nzunda aliegemea muda mrefu. Nilimwona amefumba macho.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Hadi mwisho wa mwezi wa kwanza, fungu la kati, pale kwenye mlango uliozibwa, lilikuwa limetokeza nje kidogo, na vijana wa kwaya walisema kanisa lina mimba. Mama Upendo, ambaye alikuwa amekwisha jifungua mtoto wa kike mwenye afya, aliwakemea. Fundi alishusha timazi kila wiki kupima ukuta umeinama kiasi gani. Tuliegemeza magogo ya mikaratusi, na magogo yakazama ardhini kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa uji. Tulichimba mtaro kwa majembe, ukajaa. Tulifikiria kuitoboa saruji ili ukuta utoe maji, lakini fundi aliogopa kwamba ganda lile ndilo lililokuwa limebaki kuushika. Nilikwenda kuutazama kila asubuhi. Hakuna nilichoweza kufanya zaidi ya kuutazama, na niliufahamu kuliko mtu yeyote.

Ulianguka Alhamisi ya mwezi wa tatu, alasiri, mvua ikiwa ya wastani tu. Baba Mchungaji alikuwa amelifunga kanisa wiki mbili kabla, kwa hiyo hakuumia mtu. Saruji ilishuka kwa vipande vipana, mizima, kama milango; nyuma yake matofali hayakuanguka, yalitiririka. Paa likakaa chini taratibu juu ya madhabahu. Mama Nzunda alikuja na khanga kichwani, akasimama kwenye mvua kando yangu. Aliokota tope akalifinya kwa vidole, kama alivyofanya maisha yake yote kupima kama udongo unafaa.

"Ulisema," akaniambia.

"Ndiyo, mama."

"Hata ungesema kila siku nisingesikia. Nilikuwa nimechoka." Akalifuta tope kwenye khanga, na hatukuongea tena habari hiyo, wala mwaka ule wala miaka iliyofuata, ingawa nilikula nyumbani kwake mara nyingi.

Kiangazi kilipofika tulizibomoa kuta zilizobaki. Udongo wa vijiji vitatu ulikwishachanganyika rangi moja na kushuka na maji mpaka kwenye kahawa. Vipande vya saruji ndivyo vilivyobaki vizima, nasi tukavivunja kwa nyundo, tukavichanganya na mawe ya msingi wa zamani, tukavishindilia chini ya sakafu ya kanisa jipya la matofali ya kuchoma. Kwenye mkutano wa washarika Mzee Mgala alisimama na kutoa taarifa ya ujenzi. Alisema kwamba kwa kuwa tulitumia mabaki ya kanisa la zamani hatukulazimika kununua mawe ya kujazia, na watu wakapiga makofi, Mama Nzunda akiwa miongoni mwao, alipotaja tulichokiokoa: shilingi laki moja na themanini elfu.